Kinyago Kimeonyeshwa, Njia Imefichwa

Soma vibandiko vya vinyago vya Kimakonde kwenye majumba ya maonyesho, ya hapa nchini au ya Ulaya, utakuta vingi vimeandikwa kwa mtindo mmoja: kabila, nchi, aina ya mti, karne. "Makonde, Tanzania, mpingo, karne ya 20." Mtu wa Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, akisoma maneno hayo hajaambiwa jambo ambalo hakulijua. Lile ambalo angependa kulijua, yaani kimetoka mkononi mwa nani, kimepita wapi na kimefikaje hapo, halipo.

Maonyesho ya sanaa ya kisasa kuhusu jamii, utambulisho na uhamaji yamekuwa mengi sana duniani, na watu wa Kusini mwa Tanzania tumo ndani yake. Tatizo ni kwamba tumo kama vitu. Kama wasafiri hatumo. Siku Mtwara au Lindi itakapoandaa maonyesho ya namna hiyo, na hakuna sababu ya kusubiri Dar es Salaam ituandalie, cha kwanza kupanda ukutani kiwe njia. Kinyago kifuate.

Chukua mpingo wenyewe. Wengi wa wachongaji walioanzisha mitindo inayouzwa leo kwenye soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, walitoka ng'ambo ya Ruvuma, uwanda wa Mueda, Msumbiji. Walivuka wakikimbia kodi na shokoa ya Mreno, wakaingia mashamba ya mkonge ya Lindi, Mtwara na Tanga. Vita vya ukombozi vya 1964 hadi 1974 vikaongeza wakimbizi. Rutamba, mkoani Lindi, palikuwa moja ya makazi yao, na Nachingwea ikawa kambi ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji. Waliofika Dar es Salaam walikuta wateja wa mji. Samaki Likankoa anatajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani mwishoni mwa miaka ya 1950, Roberto Yakobo Sangwani anahusishwa na dimoongo, ule mnara wa watu waliobebana ambao baadaye uliitwa ujamaa, na Clements Ngala na mtindo wa mawingu. Mfanyabiashara Mohamed Peera alinunua kazi za wachongaji hao na kuwahimiza waendelee nazo. Sasa neno "Tanzania" kwenye kibandiko limebeba nusu tu ya hayo. Na hapa kwetu Mmakonde wa Mueda alikuwa akiitwa Mmawia, jina ambalo halikutamkwa kwa heshima. Hilo nalo ni suala la utambulisho, tena la kwetu wenyewe, na sijaona kibandiko kinachothubutu kuligusa.

Wachoraji ni vilevile. George Lilanga alizaliwa wilaya ya Masasi mwaka 1934. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi kwenye mkonge Tanga, akahamia Dar es Salaam, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta ya madukani. Majina mawili yanayojulikana zaidi nje katika uchoraji wa Tanzania ni ya vijana wa Kusini waliofuata kazi kaskazini. Ukiyaondoa mashamba ya mkonge kwenye historia hiyo, huwezi kueleza kwa nini rangi hizo zilitokea Dar es Salaam na si Masasi.

Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kikanunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, mwaka 1990 mtafiti akakitambua, na baada ya mabishano ya muda mrefu kikarudishwa mwaka 2010. Kinachoudhi kidogo ni kwamba kinyago hicho kina njia inayofahamika vizuri kuliko vinyago vingi kwa sababu tu kiliibwa: wizi una jalada, na jalada lina tarehe. Vile vilivyouzwa kihalali, vilivyochukuliwa kwa hongo ya kitambaa, au vilivyobebwa na watafiti wa enzi ya Mjerumani havina. Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijaisha, akakusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig na kurekodi nyimbo kwenye mitungi ya nta. Kwa mwandaaji mwenye mfuko mdogo, mitungi hiyo ina faida kuliko vinyago vyenyewe. Kuazima kinyago kunadai bima, kreti, hewa iliyodhibitiwa na barua za mwaka mzima. Nakala ya sauti inasafiri kwa intaneti, na watu wa Newala wanaweza kuisikiliza na kusema huyu anaimba nini, jambo ambalo Leipzig haiwezi kujiambia yenyewe.

Mwaka 2024 Tanzania ilikuwa na banda lake la kwanza la taifa kwenye maonyesho ya Venice, ambayo mwaka huo yalibeba kichwa kinachosema wageni wapo kila mahali. Ni hatua, sibishi. Lakini katika maonyesho hayo kazi iliyonifaa zaidi kwa hoja hii ni ya Bouchra Khalili, msanii wa asili ya Morocco. Aliitengeneza kati ya 2008 na 2011: video nane, kila moja mtu mmoja anachora safari yake kwa kalamu ya wino juu ya ramani na kuisimulia. Uso hauonekani. Unaona mkono, ramani, mstari unaokwenda, unaokwama, unaorudi nyuma. Hakuna muziki wa huzuni, hakuna boti inayozama.

Kazi ya namna hiyo inaweza kufanywa Mtwara kwa vifaa vilivyopo mjini. Ramani ichapishwe upana wa mita moja hivi, ionyeshe kuanzia Pemba ya Msumbiji hadi Mombasa, na iwe na majina ambayo watu wanayatumia: Mueda, Kitaya, Mahuta, Rutamba, Somanga, Ikwiriri, Muheza, Msambweni. Ramani za shule zinaacha vivuko vya Ruvuma na zinaandika mabwawa ambayo hakuna aliyepita, kwa hiyo ni lazima mtu aichore upya. Simu ifungwe juu ya meza, kimo cha sentimita 80 kutoka kwenye karatasi, taa moja kila upande ili mkono usitupe kivuli juu ya mstari. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo ni cha lazima, kwa sababu sauti ya simu iliyo juu ya meza itachukua feni kabla ya kumchukua msemaji. Feni izimwe, na ndiyo maana kurekodi kufanyike asubuhi kabla bati halijapata moto. Dakika nne hadi sita zinatosha kwa mtu mmoja. Asimulie kwa lugha yake, Kimakonde, Kimakua, Kiyao au Kimwera, na maandishi ya Kiswahili yawekwe chini.

Yanayoharibika hapa si ya ufundi. Mtu akianza kuchora, anataja mwenye mtumbwi, anataja askari, anataja nyumba iliyomlaza. Kwa mzee aliyekwenda mkonge miaka ya 1950 hilo ni tamu. Kwa aliyevuka baada ya mji wa Palma, Msumbiji, kushambuliwa Machi 2021, au kwa mwenyeji wa Kitaya aliyeona kijiji chake kikivamiwa Oktoba 2020, ni hatari. Mkono nao unatambulika: pete, kovu, hina, kucha iliyopotea. Sauti ndiyo inatambulika zaidi. Kwa hiyo kwa safari za karibuni, sauti isomwe na mtu mwingine, mstari uchorwe na mtu mwingine, na ridhaa iombwe mara mbili, kabla ya kurekodi na tena baada ya mhusika kuitazama kazi iliyokamilika. Saini moja kwenye karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya ofisi haitoshi. Na kama mtu hataki kurekodiwa, basi asirekodiwe. Maonyesho hayapungui kitu.

Msambweni nimeiweka kwenye ramani kwa makusudi. Wamakonde waliokwenda Kenya kufanya kazi za mashambani waliishi Kwale, iliko Msambweni, kwa vizazi bila uraia. Oktoba 2016 waliandamana kwenda Nairobi kudai vitambulisho, na serikali ya Kenya ikawatambua. Ukitaka kitu cha kuonyesha kuhusu utambulisho, kipo, kina ukubwa wa kiganja, na kimegharimu miaka zaidi ya hamsini. Lakini usionyeshe kitambulisho halisi chenye namba. Onyesha karatasi zilizotumika kabla yake, kadi za kliniki, kadi za chama, barua za chifu, na funika namba kwa karatasi chini ya kioo. Usizifunike kwa wino.

Gunia ni jambo lingine, na nitakaa nalo kidogo. Ibrahim Mahama wa Tamale, Ghana, amejulikana kwa kufunika majengo kwa magunia ya jute yaliyobeba kakao; mwaka 2015 alikuwa Venice, mwaka 2017 alifunika majengo ya lango la mji wa Kassel, Ujerumani. Magunia hayo yametengenezwa Asia, yakaingia Ghana kubeba kakao, yakaishia kubeba mkaa na mahindi, na yana mihuri na majina ya waliopita nayo. Anayashona pamoja na wasaidizi wengi, baadhi yao wahamiaji kutoka kaskazini mwa nchi yake. Kisha akafanya jambo ambalo wasanii wengi wakishapata jina hawalifanyi: akajenga vituo vya sanaa Tamale, kwao, kimoja kikifunguliwa 2019.

Sisi gunia la korosho tunalo. Mara nyingi jute yake imetoka Bangladesh au India, na korosho ghafi zinazoingia ndani yake nyingi huishia India na Vietnam. Gunia linazunguka bahari na kurudi karibu na lilikosokotwa, na katikati ya mzunguko huo limekaa wiki chache Tandahimba kwenye mgongo wa mtu. Hapo mwandaaji hahitaji maelezo marefu. Chapa ya chama cha msingi cha ushirika na ya ghala zinasema. Kuiga kazi ya Mahama moja kwa moja kungekuwa uvivu, lakini gunia si mali yake, na kinachofaa kuonyeshwa hapa ni chapa zenyewe: gunia lipasuliwe mshono na kutandazwa ili zisomeke, mtu afuate safari moja kutoka shambani hadi bandari.

Kwa hesabu ya haraka, gunia lililopasuliwa linatoa kama mita moja na nusu ya mraba. Ukuta wa mita tatu kwa nane unahitaji magunia kumi na sita, weka ishirini kwa ajili ya mishono na yaliyotoboka. Yanafika kilo ishirini au zaidi, hivyo usipigilie misumari kwenye lipu. Funga bomba la chuma kwenye kenchi na uyaninginize. Kabla ya hapo yatandazwe juani siku kadhaa na kupigwa vumbi, kwa sababu ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na magunia yaliyobeba korosho zilizopasuka hubaki nayo. Washonaji wavae glavu. Watoto watataka kuyashika, maana watoto hushika kila kitu, kwa hiyo yaning'inie kwa umbali wa mkono. Jute kavu yenye mafuta hushika moto upesi: taa za zamani za joto zisikaribie, mtungi wa kuzimia moto uwe mlangoni, na mtu anayejua kuutumia awepo.

Wapi? Wazo la kwanza la kila mtu ni Mikindani, kwa sababu ya boma la 1895 na kuta zake zinazopendeza kwenye picha. Mikindani inafaa kwa picha na karatasi. Haifai kwa vitu vizito: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hazishiki msumari, chumvi hutoka ndani ya lipu na kuacha unga mweupe nyuma ya fremu, na vyuma vya kawaida vinapata kutu upesi. Tumia waya za shaba au za chuma kisichoshika kutu kutoka kwenye boriti, na acha nafasi ya vidole viwili kati ya fremu na ukuta ili hewa ipite.

Ghala la chama cha msingi linafaa zaidi. Ni pana, lina mlinzi, liko karibu na watu, na wakulima wanalijua mlango wake. Ila kalenda inabana. Minada ya korosho huanza Oktoba, na ghala humaliza mwaka likiwa limejaa. Ufuta nao huingia kuanzia mwishoni mwa Mei. Dirisha lililobaki ni Februari hadi katikati ya Mei, yaani masika. Barabara ni suala: mvua za kimbunga Hidaya mapema Mei 2024 ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi, na mzigo wowote uliokuwa njiani ulibaki njiani. Kwa upande mwingine, watu wetu wanaoishi Dar es Salaam hurudi zaidi Juni na Desemba, wakati wa likizo na wa kutoa mwali, na hao ndio wahamaji ambao maonyesho yanawahusu. Mimi ningechagua Juni na kuomba ghala dogo la akiba ambalo halipokei ufuta, hata kama liko Newala na si Mtwara mjini. Mgeni rasmi atalalamika umbali. Avumilie.

Chini ya bati hilo usilete midimu, yaani vinyago vya ngoma. Huchongwa kwa mti mwepesi, na vingi vina nta na nywele za mtu. Nta huanza kulegea joto likizidi la mwili, na ghala la bati saa nane mchana linafika huko bila shida. Sababu ya pili ina uzito kuliko ya nta. Midimu ni mali ya jando na unyago, na yapo ambayo asiyepitia hatakiwi kuyajua. Mwandaaji anayekwenda kwa afisa utamaduni kuomba kibali na kuwaruka manyakanga, wakuu wa jando na unyago, amekosea mlango. Waulizwe wao, kila kijiji na wake, na jibu likiwa hapana liheshimiwe bila kulizunguka kwa picha. Tamasha la MaKuYa limekuwa likileta ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao uwanjani Mtwara, lakini kilichokubaliwa kuchezwa uwanjani hakijakubaliwa kukaa kwenye kioo mwezi mzima.

Mpingo unavumilia zaidi, ila nao una masharti. Ni mzito kuliko maji: gogo la urefu wa mita moja na kipenyo cha sentimita 30 linakaribia kilo 90, na hata likishachongwa nusu yake ikaondoka, bado ukilisukuma kwa bega litamwangukia mtu. Stendi iwe ya kimo cha sentimita 40 hadi 50, ijazwe mchanga ndani, na kazi ifungwe kwa pini chini. Wachongaji wengi huchonga mti ukiwa mbichi kwa sababu ni laini zaidi kwa tezo na patasi. Nje hukauka, ndani bado kuna maji, na ukiingiza kazi hiyo kwenye chumba cha kiyoyozi inapasuka ndani ya wiki chache kuanzia kwenye ncha. Kwa hiyo kiyoyozi kisiwashwe mchana na kuzimwa usiku. Ama kiwe saa zote, ama kisiwepo. Unyevu wa Mtwara haudhuru mpingo kama mabadiliko yanavyoudhuru. Ukikuta ufa uliozibwa kwa gundi, vumbi la mti na rangi ya viatu, uache kama ulivyo na uuandike kwenye kibandiko.

Kwa vitu vya mti mwepesi, tatizo ni wadudu. Unga laini chini ya stendi asubuhi maana yake wapo. Dawa ya kunyunyizia hubaki kwenye mti na kwenye mikono ya watu. Njia salama ni friza la kuhifadhia samaki lililosafishwa, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili: kitu kifungwe kwenye nailoni mbili, hewa itolewe, gundi ya karatasi izungushwe. Kikitoka kibaki kimefungwa siku nzima, la sivyo mvuke utaganda juu yake na kukilowesha. Chenye nta au rangi nene kisiingie humo.

Vibandiko, basi. Viwe na mistari mitano: nani alichonga na alizaliwa wapi, alichongea wapi, nani alikimiliki, kilifikaje hapa, na nani amekizungumzia. Penye pengo, mstari ubaki na neno "haijulikani". Herufi zisipungue pointi 24, vibandikwe kwenye kimo cha sentimita 120, Kiswahili juu. Wazee wasiosoma wawekewe spika ndogo, siyo vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu watu hapa husikiliza wakibishana, na ubishi huo ndio utakaorekebisha vibandiko. Weka kalamu na daftari mlangoni, na kila jioni mtu aingize masahihisho.

Kuna watakaosema njia ni mada ya historia na sanaa ni kitu kingine. Waende Berlin. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, imesimamishwa pale kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Iliteremshwa hadi bandari ya Lindi na mamia ya wapagazi kwa miguu, chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani. Mtu akiitazama mifupa hiyo anashangaa ukubwa wa mnyama. Msanii wa Lindi akiamua kutandaza uzito ule ule kwa mizigo ya kichwani, mmoja mmoja, kwenye barabara ya kushuka mjini, mtazamaji atashangaa kitu kingine kabisa.

Jambo la sheria liwekwe mapema. Kazi za mpingo zikialikwa nje, mbao iliyokamilishwa ikizidi kilo 10 kwa mzigo mmoja inahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa kuwa jamii nzima ya mpingo imo kwenye orodha ya udhibiti tangu Januari 2017. Vitu vya zamani vinaangukia Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na havitoki bila leseni. Vibali hivyo viombwe kabla ya kuchapisha mabango, si baada. Rekodi zote zibaki na nakala mbili mkoani, moja kwenye maktaba, moja kwa wahusika wenyewe kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu wanayoweza kuicheza nyumbani. Na ghala lirudishwe limefagiliwa kabla ya Oktoba, bomba limefunguliwa kwenye kenchi, kwa sababu karani wa chama akikuta msimu umeanza na ukuta wake bado una magunia yaliyopasuliwa, mwaka unaofuata hatatoa ufunguo.